Waya wa Choki Uliokatika Tangu Pasaka

Mwanangu Restituta,

Nakuandikia hapa gereji, juu ya meza ya kazi. Nimetandika gazeti ili karatasi isishike grisi, na bado imeshika. Ni Jumapili mchana, mafundi wenzangu hawapo, na wewe uko nyumbani Kibosho unapanga nguo na shangazi yako. Nilikuaga kwamba nashuka mjini kufuata spana niliyoisahau. Huo ni uongo mdogo. Upo mwingine mkubwa ambao umeishi nao miaka kumi na mmoja, na kesho ukipanda basi la Mbeya sitaki upande nao.

Habari za masweta, za kula kwa wakati, za kutowaamini watu wa stendi, shangazi yako ameshakuimbia mpaka masikio yamechoka. Sina la kuongeza. Mbeya kuna baridi, na wewe umezaliwa kwenye baridi.

Acha nilitaje jambo lenyewe sasa hivi, maana nikizunguka nitaishia kukuandikia juu ya hali ya hewa. Asubuhi ile mama yako alipobanwa na pumu na pikapu yetu ikagoma kuwaka, kosa halikuwa la mjomba wako Deo. Kosa lilikuwa langu. Nililijua siku ile ile, na nikamwacha yeye alibebe.

Pumua kwanza. Kisha endelea kusoma.

Najua unavyomsalimia mjomba wako. Shikamoo yako kwake unaitoa huku unatazama pembeni, na ukishaitoa unatafuta kazi jikoni. Ulipokuwa darasa la tano uliniuliza kama mtu aliyeegesha gari vibaya anaweza kufungwa. Nilikujibu, "Achana na hayo, mjomba wako alishaomba radhi." Jibu la mtu mwema, sivyo? Siku ile nilijiona mkubwa wa moyo kweli kweli. Wewe ukazidi kumchukia yeye na kunihurumia mimi, na mimi nikaipokea huruma yako miaka yote hiyo kama haki yangu.

Sasa umechagua ufundi magari, na chuo kiko Mbeya. Shangazi yako alilia, majirani wakacheka, na mimi nilifurahi kwa siku moja tu. Siku ya pili nikaanza kuogopa. Nilijua kwamba huko chuoni, kabla hawajawafikisha kwenye magari ya siku hizi yenye kompyuta, mwalimu ataweka mezani kabureta ya zamani, kile chombo cha kuchanganya petroli na hewa, aifungue, awaonyeshe kile kipepeo cha bati kinachokaa kwenye koo lake, aseme hii ndiyo choki. Na wewe una akili. Utajiuliza: gari zima huwaka hata likielekezwa ukutani, hata likiwa shimoni, sasa letu lilikuwa na nini? Utakuwa mbali, umezungukwa na wavulana wanaosubiri kuona kama msichana ataweza kulegeza nati, na utaelewa katikati ya somo, peke yako. Nimeliwaza hilo usiku mwingi. Sikutaka uelewe namna hiyo.

Basi somo hilo nikupe mimi. Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri. Inajibandika kwenye kuta za bomba, na inayofika kwenye moto ni kidogo. Choki inaziba hewa ili petroli izidi kwa muda, dakika mbili tatu, mpaka injini ipate joto. Unavuta kitufe kwenye dashibodi, waya unavuta kipepeo, kipepeo kinafunga. Ni kitu kidogo sana, na waya wake ni mwembamba kuliko kamba ya kiatu. Hapa mjini, kwenye joto, unaweza kukaa miezi bila choki na usijali. Kule juu kwetu, mwezi wa saba, ukungu ukiwa umelala kwenye migomba mpaka saa tatu, bila choki huendi popote.

Isipokuwa una mteremko. Wewe umekua ukiona hivyo, hukuwahi kushangaa: kwetu kila mwenye gari la zamani huliegesha pua ikiangalia chini, na jiwe kwenye tairi. Asubuhi unatoa jiwe, unaliachia literemke, unaweka gia ya pili, unaachia klachi, magurudumu yanaizungusha injini kuliko starta inavyoweza, linakohoa, linawaka. Wenzetu wa tambarare hawana anasa hiyo, kwa hiyo wanatengeneza magari yao. Sisi tunajua kuegesha.

Waya wetu ulikatika Jumatatu ya Pasaka. Nilivuta kitufe kikaja mkononi chepesi, nikajua. Mimi, fundi ambaye watu walikuwa wanatoka Mkuu na Tarakea kuniletea kabureta zao, nilirudisha kitufe mahali pake, nikatoa jiwe, nikaliachia gari. Likawaka. Nikasema nitabadilisha waya Jumamosi. Jumamosi palikuwa na gari la mteja. Jumamosi iliyofuata pia. Ikafika wakati nikasahau kwamba gari ni bovu, kwa sababu kila asubuhi lilikuwa linawaka.

Mama yako aliniambia mara tatu. Mara ya kwanza kwa utani, tukienda misa: "Magari ya watu yanapona, letu linasubiri Mungu aumbe mteremko mwingine." Nilicheka. Mara ya pili alisema mbele ya majirani, nikakasirika, nikamwambia apike mtori aniachie injini. Mara ya tatu alisema taratibu, anafunga kanga, hata hakunitazama: "Baba Resti, na siku likiegeshwa vibaya?" Nikamjibu kwamba hakuna atakayeliegesha vibaya kwa sababu gari ni langu. Maneno hayo nayasikia mpaka leo nikiwa nimelala chini ya magari ya watu.

Julai mjomba wako akaja kututembelea kutoka Mkuu. Sijui kama unamkumbuka alivyokuwa kabla. Alikuwa dereva wa lori, mcheshi, akija nyumbani kelele zake zinamtangulia getini, na mama yako anaanza kucheka kabla hajamwona. Aliazima pikapu kwenda kubeba majani ya ng'ombe na mikungu ya ndizi. Mvua ikamkuta njiani. Aliporudi jioni aliliingiza gari mpaka ndani ya uwanja, pale penye usawa, pua ikagusa karibu na ukuta wa zizi, ili dada yake asibebe mikungu kwenye matope. Nilimwona, Resti. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe mkononi. Yeye hakujua habari ya waya, kwa sababu nilimkabidhi gari likiwa limeshawaka, na injini ikishapata moto haihitaji choki. Mimi nilijua. Ningeweza kusema, "Shemeji, hebu ligeuze." Angeuliza kwa nini, na ningelazimika kumwambia kwamba gari la fundi ni bovu. Nikanyamaza, nikamalizia chai.

Saa kumi na mbili asubuhi mama yako akaanza kubanwa. Ile dawa yake ya kuvuta haikumsaidia kitu. Wewe ulikuwa umesimama kwenye korido, umevaa sweta nje ndani, unauliza kama twende wote. Bodaboda wawili wa kule juu walikuwa wameshashuka mjini, na hata wangekuwepo, mama yako asingeweza kukaa juu ya pikipiki. Deo alimbeba akamweka kwenye kiti cha mbele. Mimi nikaingia nikazungusha ufunguo. Starta ikazunguka, injini haikujibu.

Sehemu hii isome kama mwanafunzi, maana ukiisoma kama binti itakuumiza. Gari la kabureta likigoma kwa baridi na choki haifanyi kazi, dawa yake kila fundi anaijua. Fungua boneti, toa kifuniko cha chujio la hewa, ziba koo la kabureta kwa kiganja, mwenzako azungushe starta. Kiganja chako ndicho choki. Mara mbili, mara tatu, linashika. Ni kazi ya dakika chache, pamoja na kutafuta spana. Nimeshawafanyia hivyo mapadri, walimu, hata bwana harusi aliyekuwa anachelewa kanisani. Asubuhi ile sikufanya. Majirani walikuwa wameanza kuingia uwanjani, Deo alikuwa amesimama dirishani kwangu, na nikifungua boneti wote wangeona ule waya unaning'inia. Nikavuta kitufe nilichojua hakivuti kitu, ili wanione navuta. Nikakanyaga mafuta. Nikakanyaga tena na tena, kama mtu ambaye hajawahi kuona gari. Kila ukikanyaga, kabureta inamwaga petroli mbichi ndani. Nikaisikia harufu yake. Ukiisikia harufu hiyo ujue plagi zimelowa, na hapo unaacha: unasubiri, au unazifungua uzikaushe, au unakanyaga mpaka mwisho na kushikilia hapo hapo ili hewa ipite. Sikuacha. Nilizungusha na kukanyaga mpaka betri ikaisha, starta ikawa inagonga tu.

Ndipo tukasukuma. Watu tisa kwenye matope, tunaligeuza gari kwenye uwanja mdogo, nyuma kidogo, mbele kidogo, huku mama yako ameshika ukingo wa dirisha kwa vidole. Tulipolifikisha mteremkoni nikaweka gia ya pili, halikushika, kwa sababu plagi nilikuwa nimezilowesha mwenyewe. Lilikuja kushika chini kabisa, karibu na kanisa la kigango, likitoa moshi mweusi. Karibu saa nzima ilikuwa imepita. Mama yako alikata roho tukiwa tunaliona geti la hospitali. Daktari aliniambia kwa upole kwamba tungefika nusu saa mapema kungekuwa na la kujaribu.

Tulipomrudisha nyumbani uwanja ulikuwa umejaa watu. Nikasimama katikati nikauliza kwa sauti, "Nani aliingiza gari hili hivi jana?" Deo akajibu, "Ni mimi." Basi, ikaishia hapo. Ona ujanja wangu: sikutamka uongo wowote, niliuliza tu swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo. Siku ya tatu baada ya mazishi, watu wakiwa kanisani, nilibadilisha ule waya. Ilinichukua robo saa. Wa zamani niliutupa chooni.

Matanga yalipokwisha mjomba wako alikuja na wazee wawili wa ukoo wake, ameshika isale mkononi. Majani hayo umeyaona tangu utoto kwenye mpaka wa kihamba chetu cha migomba, na unajua maana yake: mwenye kosa huja nalo, na anayeletewa halikatai, hata kama moyo wake unakataa. Deo alipiga magoti pale sebuleni, kwenye zulia la mama yako. Alisema, "Shemeji, nimemuua dada yangu kwa kuegesha gari." Sauti yake sikuitambua. Na mimi nikanyoosha mkono, nikalipokea. Wazee wakanisifu kwamba nina moyo mpana, tukanywa mbege. Makosa yangu ya ujana shangazi yako atakusimulia kwa furaha, ukimwacha. Hili siwezi kulitazama hata nikiwa peke yangu. Nilipokea isale kutoka kwa mtu ambaye mimi ndiye niliyepaswa kumpigia magoti.

Baada ya hapo aliacha udereva. Lori alilirudisha kwa mwenyewe, akabaki na shamba la mahindi. Kila Krismasi anakuja kutusalimia, lakini haendi kaburini. Anasimama kwenye njia, upande wa pili wa ua, anavua kofia, kisha anaondoka. Wewe ulidhani ni kiburi. Ulishawahi kuniambia hivyo, nami nikakuacha udhani.

Mimi nikawa fundi makini kupita wote. Kila gari la kabureta linaloletwa hapa, hata kama tatizo ni breki, naangalia kwanza waya wa choki. Wenzangu wananitania kwamba nimelogwa na choki. Wateja wananisifu, na kila wanaponisifu narudi chini ya gari.

Sikuambii uwe mkweli, mwanangu. Nani aniamini nikisema hivyo? Nakuambia tu jinsi jambo lenyewe linavyokwenda, maana nimelipitia lote. Utakosea kwenye gari la mtu, huwezi kukwepa. Siku hiyo sema pale pale, grisi ikiwa bado mikononi, hata kama wavulana watacheka. Kesho yake inakuwa ngumu zaidi. Ukipita mwezi, unakuta watu wameshajipanga kuzunguka uongo wako, mmoja ameacha kazi, mwingine amejifunza kuchukia, na ukisema sasa unawabomoa wote. Hapo unajiambia kwamba unanyamaza kwa ajili yao. Mimi nilijiambia hivyo miaka kumi na mmoja, na karibu niamini.

Alhamisi iliyopita nilikwenda Mkuu. Niliwaambia naenda kutafuta vipuri. Nilimkuta mjomba wako amekaa nje, anapukuchua mahindi. Nilikuwa na isale kwenye mfuko wa koti, nimelikunja, hata kulishika wazi njiani sikuthubutu. Nilimwambia yote niliyokuandikia wewe hapa, nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupukuchua.

"Choki," akasema.

"Choki."

"Ilikuwa mbovu tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Akaweka gunzi chini, akainuka, akaingia kwenye migomba nyuma ya nyumba. Alikaa huko muda mrefu. Mke wake akaniletea chai, akaniona sura, akarudi ndani. Deo aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Shemeji," akasema, "mimi kaburi la dada yangu sijaligusa. Siku ya mazishi nilisimama nyuma ya watu. Mama yangu alikufa akiniuliza kwa nini sikuwa makini. Hilo utalirudishaje?"

Nikaweka kikombe kwenye benchi.

"Na mtoto anajua?"

"Hajui."

"Si anaondoka Jumatatu?"

"Anaondoka."

Nikatoa lile jani nikamnyooshea. Akalitazama. Akasema, "Liweke hapo kwenye benchi. Kwetu halikataliwi, najua, na sikatai. Lakini sitalishika mpaka Resti ajue, tena ajue kwako, si kwangu." Nikamwambia basi nitakuandikia barua, nitaitia kwenye mfuko wa begi lako, utaikuta ukifika. Hapo ndipo aliponikasirikia kwa mara ya kwanza. "Aisome kwenye basi? Alie na watu asiowajua? Mpe mkononi, ukae hapo hapo mbele yake mpaka amalize. Mimi nilipiga magoti ukinitazama. Na wewe utazamwe."

Kwa hiyo sasa ni jioni, unasoma nyumbani, na mimi nimekaa upande wa pili wa meza. Shangazi yako nimemwomba atoke nje kidogo, naye anajua kwa nini. Nimemwambia yeye kwanza ili ukitaka bega uwe nalo. Mjomba wako atafika kesho na basi la kwanza kutoka Mkuu. Amesema anataka kukusindikiza mpaka stendi, ukikubali. Nafasi yangu kwenye safari hiyo utaipanga wewe.

Kwako sijaleta isale. Asubuhi nilikwenda mpaka kwenye mpaka wa kihamba, nikasimama mbele ya majani, nikaona si haki. Jani lile humfunga anayepewa, na wewe nimeshakufunga vya kutosha: nimekufanya umchukie asiye na kosa na umpende mwenye kosa. Mwaka huu, mwakani, au usinisamehe kabisa, hilo ni lako.

Ukimaliza usiseme kitu kwa sababu tu nimekutazama. Ukitaka nitoke, nionyeshe mlango, nitaelewa.

Baba yako.